Mwenda Jean-Bosco: gitaa kavu moja iliyosikika kama mbili

Hapa Bukavu kuko vijana wengi wenye kutaka kujifunza gitaa, lakini wanabaki kungojea. Wanasema bila gitaa ya kura na ampli yake hawawezi kuanza. Maisha ya Mwenda Jean-Bosco, mwana wa Katanga, yanaonyesha njia ingine.

Alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, makao ya mwami wa Bayeke. Kisha tunamkuta Jadotville, mji wa migodi tunaoita leo Likasi. Watu wa makabila mengi walifika katika miji ile kutafuta kazi, na Kiswahili ndicho kiliwaunganisha. Gitaa kavu ilifaa maisha hayo: unaibeba begani, unapiga popote, haiombi waya.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi Mwenda pale Jadotville. Kijana alikuwa na miaka 22. Wimbo wake Masanga ulimpa jina mbali sana. Nyuma yake hakukuwa bendi. Kidole gumba kilishika besi, kidole cha shahada kilipiga sauti ya juu, vyote kwa pamoja. Mtu asiyemuona angefikiri wapigaji ni wawili.

Mwaka 1959 alifika Nairobi, na wapigaji wa Kenya wakafuata mkono wake. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha ya Newport, Marekani.

Wakati huo gitaa za kura za Kinshasa, za Franco na Docteur Nico, ndizo zilichezesha watu kila mahali. Mwenda naye alisimamia bendi, lakini sifa yake ilibaki kwenye gitaa kavu. Na Franco mwenyewe, alipokuwa mtoto, alianzia kwenye gitaa ya kujitengenezea.

Wazazi wanaoogopa muziki wasikie na hili: Mwenda hakuacha kazi. Huko Lubumbashi alifanya kazi kwenye ofisi ya mji, benki na kampuni ya migodi Gécamines. Alikuwa pia na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Ni katika Zambia alikufa kwa ajali ya gari, mwezi wa 9 mwaka 1990.

Basi mwenye kuanza leo achague nini? Gitaa kavu inalia hata usiku kura ikikatika, na pesa ya ampli inabaki mfukoni. Ya zamani pia inafaa, lakini kwanza angalia shingo yake. Kama imepinda, ama nyuzi ziko juu sana, vidole vitauma na mtoto ataacha. Ile ya kura itafaa siku kwaya ama bendi itamuita. Siku hiyo vidole vitakuwa vimeshajua kazi.