Mary Lou Williams: Mpiga piano aliyefungulia mlango waraibu wa unga

KAMA umewahi kumzika rafiki aliyemalizwa na dawa za kulevya, basi mfahamu huyu mama.

Mary Lou Williams alizaliwa Atlanta, Marekani, Mei 8, 1910, akalelewa Pittsburgh. Bado mtoto mdogo, alikuwa tayari analipwa kupiga piano kwenye sherehe za watu. Baadaye aliandikia muziki mabosi wa jazz wa enzi hizo, akiwemo Duke Ellington na Benny Goodman, wakati ambapo mwanamke kwenye bendi alitarajiwa tu kuimba na kupendeza.

Miaka ya 1940 nyumba yake mtaani Harlem, New York, iligeuka kituo cha vijana. Thelonious Monk, Bud Powell na Dizzy Gillespie walikuwa wakifika usiku baada ya shoo, wanakula, wanajaribu nyimbo mpya kwenye piano yake. Alikuwa kama dada mkubwa. Lakini unga nao ulikuwa umeingia mtaani. Heroini iliwanasa wanamuziki mmoja baada ya mwingine, na wengine waliiga tu kwa kuwa nyota wao Charlie Parker alikuwa akiitumia. (Huo ujinga wa kudhani kipaji kinatoka kwenye sindano haujaisha hadi leo.)

Mwaka wa 1954, akiwa Paris, Mary Lou alichoka. Usiku mmoja aliinuka kwenye piano katikati ya shoo, akatoka, akaacha muziki kabisa. Alirudi New York, na Machi 12, 1955, Parker akafa. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu, lakini mwili ulikuwa umechakaa hivi kwamba daktari alimkadiria kuwa na zaidi ya miaka 50.

Mary Lou alitafuta mahali pa kuweka uchungu huo. Alipata kanisa la Kikatoliki pale Harlem, Our Lady of Lourdes, ambalo mlango wake ulikuwa wazi hata mchana wa katikati ya wiki. Alikaa humo kwa saa nyingi akifunga na kuomba, mkononi ana orodha ndefu ya majina ya watu, wazima na marehemu. Mei 1957 alibatizwa pamoja na Lorraine, mkewe Dizzy Gillespie.

Mwanzoni aliamini Mungu na jazz haviwezi kukaa chumba kimoja. Muziki huo ulimkumbusha klabu, sindano na majeneza. Mapadre na Dizzy ndio waliomsukuma arudi, wakimweleza kwamba kupiga piano pia ni kuomba. Julai mwaka huohuo alipanda jukwaani na bendi ya Dizzy kwenye tamasha la Newport.

Kwake faraja haikuwa kukaa kanisani tu. Aliwachukua wanamuziki waraibu nyumbani kwake, akawapikia, akawapa pa kulala wakipambana na arosto. Alianzisha wakfu wa Bel Canto, akafungua duka la mitumba Harlem ili apate pesa za kujenga makao ya kuwatibu. Makao hayo hayakujengwa. Duka halikuingiza pesa za kutosha, na wengi aliowasaidia walirudia unga. Aliendelea kuwalisha hivyo hivyo, pesa zikitoka kwenye mfuko wake mwenyewe.

Kisha akaanza kuandika muziki wa ibada kwa midundo ileile ya klabu. Kazi yake kuhusu Mtakatifu Martin de Porres, mtumishi wa maskini nchini Peru aliyezaliwa na mama Mweusi, ilitoka miaka ya 1960. Mwaka wa 1975 misa yake ya jazz ilipigwa ndani ya kanisa kuu la St. Patrick's, New York.

Miaka yake ya mwisho alifundisha Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, akiwaeleza wanafunzi historia ya jazz ambayo nusu yake ilikuwa imepitia sebuleni mwake. Alifariki Mei 28, 1981, kwa saratani.