Madam C.J. Walker: Mathe wa Kufua Nguo Aliyeomoka Kupitia Ngozi ya Kichwa

Kama uliwatch Self Made kwa Netflix 2020, unamjua Madam C.J. Walker na sura ya Octavia Spencer. Mwenyewe alianzia chini kabisa. Jina lake lilikuwa Sarah Breedlove, amezaliwa Desemba 23, 1867, Delta, Louisiana, Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa, na yeye ndiye mtoto wao wa kwanza kuzaliwa huru. Miaka 7, yatima. Miaka 14, ameolewa. Akigonga 20 hivi ni mjane na katoto kake Lelia.

Akahamia St. Louis, venye mabro zake walikuwa vinyozi huko. Kazi aliyopata ni kufulia watu nguo, kitu dola moja na ushee kwa siku. Hapo ndipo nywele zilianza kumtoka.

Si uchawi. Maji ya mfereji ndani ya keja yalikuwa ya masonko, so watu wa hali yake walikaa wiki na wiki bila kuosha kichwa, na wakiosha ni na sabuni kali inayochoma. Ngozi inawasha, inajaa magamba, nywele zinakatika. Wengi walifunga tu kitambaa wakanyamaza.

Sarah alitafuta dawa. Akauza bidhaa za Annie Malone, mama mwingine mweusi aliyekuwa ashaingia kwa hiyo biashara. 1905 akasonga Denver, 1906 akaolewa na C.J. Walker, akatoa mafuta yake: mafuta ya mgando yamechanganywa na salfa. Salfa ilikuwa dawa ya zamani ya ngozi, si siri yake. Na hiyo story ati alivumbua kitana cha moto, zii, hakuvumbua.

Kitu alifanya tofauti ni mpangilio. Ngozi kwanza, styling baadaye. Maejenti wake walifunzwa kuosha kichwa mara kwa mara na kutibu ngozi kabla ya kugusa pasi.

Hiyo ndiyo wasusi wa Nchiru wanafaa kuiba, hasa wale wanahudumia mamresh wa MUST wanaotaka rasta chap chap. Kabla ya kupiga line ya kwanza, gawanya nywele uangalie. Magamba madogo kichwa nzima na kuwashwa, hiyo mara mingi ni mba. Shampuu ya mba itasaidia. Viraka vya mviringo vyenye nywele zimekatika hapo chini kabisa, hayo huenda ni mashilingi. Usisuke. Yanaambukiza kupitia kitana na mashine, na ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza, so mtume kliniki, usimuuzie mafuta. Halafu kuna hairline imerudi nyuma kando ya masikio, na vipele kwa mizizi: hiyo ni kusukwa kwa kukazwa. Ikipatikana mapema nywele hurudi. Ikishaweka kovu, hazirudi, hata ulipe ngapi. Najua kumwambia kastoma hivyo ni kupoteza doo ya siku hiyo. Mwambie tu.

Walker naye hakupoteza doo. 1908 alifungua shule ya urembo Pittsburgh akaiita Lelia College. 1910 akahamisha biashara Indianapolis na kujenga kiwanda. 1917 maejenti zaidi ya 200 walikutana Philadelphia, wanawake weusi wenye pesa yao mfukoni, wakati wengi wao kazi nyingine ilikuwa kufua ama kupika kwa mzungu. Alitoa pia dola 5,000 kwa NAACP kupigana na mauaji ya watu weusi mikononi mwa magenge.

Presha ilimsumbua miaka ya mwisho. Madaktari walimwambia apumzike, yeye akaendelea na safari. Figo zikagoma, akafa Mei 25, 1919, nyumbani kwake Villa Lewaro, Irvington, New York, akiwa na miaka 51. Kampuni ilibaki kwa Lelia, yule katoto wa St. Louis.