Freddie Mercury: mtoto wa Mji Mkongwe aliyenyamaza kuhusu kwao

Mwaka 1991 majahazi ya Kibajuni yalianza kuondoka Koyama, Chovai, Chula na Kismayo yakiwa yamejaa watu badala ya boriti na samaki. Serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka mwezi Januari, na wale wasiokuwa na ukoo wenye bunduki wakatafuta usalama upande wa Lamu na Mombasa. Mwezi Novemba wa mwaka huohuo, katika nyumba moja ya mtaa wa Kensington mjini London, alifariki mwana mwingine wa pwani hii ambaye naye aliwahi kuikimbia nchi yake. Huyo ni Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen na mmoja wa wenye sauti kubwa kabisa katika muziki wa roki. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Wengi waliomlilia hawakujua kwamba alizaliwa Unguja. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, na siku yake ni tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi waliotoka Gujarat, India, wafuasi wa dini ya Zoroasta, jamii ndogo mno katika mji ambao karibu kila mtu alikuwa Mwislamu. Msikilizaji wa Koyama hahitaji kuelezwa sana maana ya kuwa wachache katika nchi inayotawaliwa na wengine. Ila ukoo wa Bulsara ulikuwa na kazi ya serikali na kipato, na hapo mfano unakoma.

Alipofika umri wa miaka minane alipelekwa katika shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani, karibu na Bombay. Huko ndiko wenzake walikomwita Freddie, huko akajifunza piano, na huko akaanzisha na wanafunzi wenzake bendi yake ya kwanza, The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963, kijana anayependa nyimbo za Kizungu, visiwa vikiwa karibu kupata uhuru.

Uhuru huo ulipatikana Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, katikati ya msimu wa kaskazi, yalitokea Mapinduzi. Watu wengi wenye asili ya Kiarabu na ya Kihindi waliuawa au walikimbia, na akina Bulsara wakawa miongoni mwa waliokimbilia Uingereza mwaka huo. Farrokh alikuwa na miaka 17. Walifikia Feltham, kiunga cha London kilicho chini ya njia ya ndege za Heathrow, na kijana huyo alipata kufanya kazi ya kupakia mizigo katika uwanja huohuo. Hakuna aliyeona ajabu. Wageni wengi walianzia hapo, na wengi wa watu wetu waliofika Uingereza miaka thelathini baadaye walianzia mahali pasipo tofauti kubwa.

Alisomea uchoraji na usanifu katika chuo cha Ealing, akahitimu mwaka 1969. Alikuwa na kibanda cha nguo katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Mwaka 1970, yeye, Taylor na mpiga gitaa Brian May waliunda Queen. John Deacon aliongezeka mwaka uliofuata. Freddie ndiye aliyechagua jina la kundi, ndiye aliyechora nembo yake, na wakati huo akaliacha jina la Bulsara akajiita Mercury.

Mwaka 1975 alitunga Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita usiofuata kanuni yoyote ya redio za siku zile. Unaanza kwa upole, unaingia katika uimbaji wa jukwaa la opera, kisha magitaa yanalipuka. Ulikaa wiki tisa katika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. Ndani yake limo neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa pwani hulitamka kabla ya kutia tonge mdomoni. Wachambuzi wameandika mengi kuhusu neno hilo, na mwenyewe hakupenda kuufafanua wimbo. Mwaka 1977 alitoa We Are the Champions, ambao hadi leo hupigwa timu zinaponyanyua makombe.

Ukitaka kumwelewa kwa haraka, tazama picha za tarehe 13 Julai 1985. Siku hiyo katika uwanja wa Wembley lilifanyika tamasha la Live Aid, la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, jirani zetu wa Pembe ya Afrika. Queen walipewa dakika 20 na ushei. Freddie aliketi kwanza kwenye piano, kisha akasimama na kipande cha mti wa maikrofoni mkononi, akatoa sauti tupu isiyo na maneno. Watu wapatao 72,000 wakaitikia. Akaipandisha, wakaipandisha, akaizungusha, wakaizungusha naye. Mabaharia waliowahi kutweka tanga kwa wimbo, mmoja akianza na wengine wakipokea, watalitambua jambo hilo mara moja. Tofauti ni ukubwa wa chombo. Wapo wengi wanaosema hakuna aliyepata kuliteka jukwaa kama yeye siku ile, na mwandishi wa makala haya ni mmoja wao.

Hata hivyo, katika miaka yote ya umaarufu wake Freddie alizungumza kwa nadra sana juu ya Unguja. Huenda aliona haya, huenda aliona uchungu, au pengine aliona tu kwamba halikuwa jambo la mtu mwingine, hakuacha maelezo. Uingereza ya miaka ya 1970 haikuwa mahali pepesi kwa kijana wa Kiasia, na ukimya ulimpa nafasi ya kuwa yeyote aliyetaka. Wabajuni waliofika nchi hiyohiyo baada yake hawakupewa nafasi hiyo. Wao walitakiwa kuthibitisha kwao. Mwaka 2004 kusema au kutosema Kibajuni kulijadiliwa katika baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza, kama kipimo cha kumkubali mwombaji hifadhi. Mmoja alificha alikotoka na akapigiwa makofi. Wengine walikitaja kisiwa chao na wakatiliwa shaka.

Ugonjwa wake pia aliufunika. Alielezwa kuwa na virusi vya UKIMWI mwaka 1987, akaendelea kurekodi nyimbo huku mwili ukidhoofika, akihudumiwa na marafiki wachache na mwenzi wake, Jim Hutton. Zama zile, hata katika pwani ya Afrika Mashariki, maradhi hayo yalitajwa kwa mafumbo tu. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kuukiri ugonjwa, na jioni ya siku iliyofuata akafariki. Makuhani wa Zoroasta walimsomea sala za dini ya wazazi wake, ingawa mwenyewe hakuwa mshika ibada. Wenzake wa Queen waliandaa tamasha la kumkumbuka Wembley mwezi Aprili 1992, na kwa jina lake ukaanzishwa mfuko wa Mercury Phoenix unaosaidia mapambano dhidi ya UKIMWI duniani.

Nyumbani kwao hawajakubaliana juu yake. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, Jumuiya ya Uamsho iliipinga kwa sababu ya maisha yake ya mapenzi na wanaume, na sherehe ikaachwa. Wengine hutazama watalii wanaoulizia mlango wake, wakahesabu nauli na vyumba. Mwaka 2019 lilifunguliwa jumba dogo la makumbusho yake huko Shangani, katika barabara ya Kenyatta.

Kaburi hana. Mwili wake ulichomwa, na majivu akakabidhiwa Mary Austin, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye aliyaweka mahali anapopajua yeye peke yake.