Mama Aliyedai Haki ya Kazi Yake

Wengi wetu tumesikia majina ya Mozart na Beethoven. Leo tunapenda kuwaeleza habari za mama mmoja asiyejulikana sana, ambaye naye alikuwa hodari wa kupiga piano na kutunga muziki. Jina lake ni Louise Farrenc.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 31 Mei 1804, katika ukoo wa Dumont, mafundi wa kuchonga sanamu. Alipokuwa na miaka 15 alianza kujifunza utungaji kwa mwalimu Anton Reicha. Ilibidi afundishwe faragha, kwa kuwa siku zile darasa la utungaji katika Chuo cha Muziki cha Paris lilikuwa la wanaume tu. Mwaka 1821 aliolewa na Aristide Farrenc, mpiga filimbi na mchapishaji wa muziki. Bwana huyu hakumzuia mkewe, bali alizichapa kazi zake. Mwaka 1826 walipata binti, Victorine.

Mwaka 1842 Chuo kilekile kilimwajiri kufundisha piano darasa la wasichana. Aliwafundisha vizuri, hata Victorine alipitia mikononi mwake, akapata zawadi ya kwanza mwaka 1844. Lakini mshahara wa mama huyu ulikuwa mdogo kuliko wa walimu wanaume wa cheo chake. Kazi ilikuwa moja, malipo mbalimbali.

Mama Farrenc hakukata tamaa. Kufikia mwaka 1847 alikuwa ametunga simfoni tatu. Mwaka 1850 muziki wake wa vyombo tisa ulipigwa hadharani, na miongoni mwa wapigaji alikuwamo kijana Joseph Joachim, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa fidla katika Ulaya yote. Watu waliusifu sana. Mwaka huohuo alimwandikia mkuu wa chuo, Bwana Auber, akitaka alipwe sawasawa na wenzake. Akakubaliwa.

Kisha msiba ukamfika. Victorine aliugua kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1859 akiwa na miaka 32. Mama na baba yake walishika kazi nyingine kubwa: kukusanya na kuchapa muziki wa kinanda wa karne zilizopita, ili usipotee. Mwaka 1865 Bwana Aristide naye akafariki. Mjane huyu aliiendeleza kazi hiyo peke yake, mpaka vitabu vikatimia 23. Aliacha kufundisha mwaka 1873, akafariki tarehe 15 Septemba 1875.

Baada ya kifo chake, muziki wake ulisahauliwa kwa muda mrefu. Siku hizi unapigwa tena katika nchi nyingi.

Basi, ndugu zetu, tunaona kwamba mama huyu aliifanya kazi yake vema kwanza, kisha akadai haki yake bila hofu. Tujiulize: wako wangapi kati yetu wanaofanya kazi sawa na wengine, nao hulipwa pungufu?