Johannes Rebmann: Mtu Ambaye Hakusadikiwa

Sisi wa Himo tukiinua macho asubuhi isiyo na mawingu twaiona Kibo na theluji yake, ingawa siku hizi imepungua sana. Hatuhitaji shahidi. Lakini mtu aliyeitangaza theluji hiyo kule Ulaya alihesabiwa kuwa mwenye ndoto. Maisha yake yanatufundisha jinsi tunavyopimana tabia.

Johannes Rebmann alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Alitumwa na chama cha misioni cha CMS, akafika Mombasa mwaka 1846 na kuungana na Krapf huko Rabai. Mwaka 1848 alisafiri kuja Uchagani bila silaha, amechukua mwavuli tu. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima. Bwana Kheri, aliyemwongoza njia, aliuita baridi tu. Rebmann, aliyekulia penye theluji, akaitambua mara moja. Akafika Kilema, hapo juu yetu, kwa Mangi Masaki.

Habari zake zilipochapishwa mwaka 1849, William Cooley, mtaalamu wa jiografia wa London ambaye hakuwahi kuuona mlima huu, alizikataa kabisa. Aliona haiwezekani theluji ikae karibu na Ikweta. Mwaka 1862 von der Decken na Kersten walipanda hadi zaidi ya mita 4,000, na neno la Rebmann likathibitika.

Wengi huishia hapo: Rebmann mwema, Cooley mbaya. Lakini tungoje kidogo. Mwaka 1856 ilitolewa ramani ya Rebmann na mwenzake Erhardt, iliyochorwa kwa maelezo ya wafanyabiashara, ikionyesha ziwa moja kubwa mno huko bara. Baadaye ilijulikana kuwa ni maziwa matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Je, tuseme alikuwa mkweli wa mlima na mwongo wa ziwa? Sivyo. Moyo ulikuwa ule ule: alieleza alichokiona, na alichosikia akakieleza hivyo hivyo. Kukosea si kusema uongo. Hata Cooley hakutenda dhambi kwa kukosea. Kosa lake lilikuwa kumdharau mtu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona.

Krapf aliondoka mwaka 1853; Rebmann akabaki. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Waumini walikuwa wachache sana, na macho yake yakapotea. Alirudi kwao kipofu mwaka 1875, akafariki mwaka 1876. Mwenye kuhesabu vichwa angesema hakufanya kitu. Lakini alikuwa ameandika kamusi ya Kinyasa, akifundishwa na Salimini, mtu wa Nyasa aliyekuwa ametekwa utumwani. Ilichapishwa mwaka 1877, naye hakuiona.

Ndugu, sokoni, barazani, hata katika vikao vya wazee wa kanisa, twampa jirani jina la mwongo kwa neno moja lililokosewa. Sisi tukikosea, twasema tumepitiwa. Basi tumpime mwenzetu kwa kibaba kile kile tunachojipimia. Tusiulize kwanza kama alipatia. Tuulize kama alisema alichokiona, na kama alidumu nacho hata alipochekwa.