Nyayo Katika Theluji

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Hezekia aliomba, na Bwana akaahidi kumponya. Mbona basi mkate wa tini uliwekwa juu ya jipu?

Asubuhi ya Agosti 16, 1865, James White alikuwa matembezini na mkewe, Ellen, huko Michigan, Marekani. Alipojaribu kumenya hindi bichi, mkono wa kuume uliishiwa nguvu ukaanguka. Kilikuwa kiharusi. Alikuwa na umri wa miaka 44, mwenyekiti wa Konferensi Kuu, aliyechoshwa na kazi isiyo na pumziko.

Ndugu walimwombea, akapata nafuu kidogo. Lakini maombi hayakuwazuia kutafuta tiba. Septemba, Ellen alimpeleka Dansville, New York, kwa Dk. Jackson, aliyetibu kwa maji, chakula rahisi na mapumziko. Walikaa huko miezi kama mitatu. Waliona mema mengi. Hata hivyo, madaktari walishauri James asifanye kazi yoyote wala asijishughulishe sana na mambo ya dini. Ellen aliona kwamba kadiri mumewe alivyokaa bure, ndivyo alivyozidi kuyawaza maumivu yake, na tumaini likafifia. Akamwondoa.

Desemba 1866, ingawa marafiki walihofia uhai wa mgonjwa, alisafiri naye kwenye baridi kali hadi Wright, Michigan. Siku moja James alikataa kutembea kwa kuwa theluji ilikuwa nyingi. Ellen aliazima viatu vya mwenyeji wao, akatangulia kuikanyaga. James alipoziona nyayo zile, alitoka akazifuata.

Mwaka 1867 walikuwa na shamba dogo Greenville. Wakati wa kukusanya nyasi kavu, James alitegemea majirani. Hakujua kwamba Ellen alikwisha kuwaomba wakatae. Basi Ellen na mwana wao Willie walizirusha nyasi kwenye mkokoteni, naye James akazipanga na kuendesha.

Nguvu zilirudi polepole. Mwaka 1869 alichaguliwa tena kuwa mwenyekiti. Kiharusi kilimrudia baadaye, lakini aliendelea kutumika karibu hadi kifo chake, Agosti 6, 1881.

Mungu aliyemponya Hezekia hakudharau tini. Katika maisha ya James pia, maombi, tiba, mazoezi na kazi ndogo za kila siku vilikwenda pamoja.

Tafakari: Je, kuna mshiriki kanisani kwako aliyepooza upande mmoja? Ni kazi gani mnamfanyia kwa upendo, ambayo angeweza kuifanya mwenyewe kama mtu angetangulia mbele yake?