Harry Johnston: Mtu wa okapi aliyezipa kisogo nyayo zake

Harry Johnston, Mwingereza ambaye jina lake limo katika jina la kisayansi la okapi, hakuwahi kumwona mnyama huyo akiwa hai msituni. Nyayo zake alionyeshwa, akakataa kuzifuata.

Johnston alizaliwa London mwaka 1858. Alikuwa mchoraji, mtafiti wa lugha za Kibantu na mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1899 alitumwa Uganda kuwa kamishna maalumu, na mwaka uliofuata akatia saini Mkataba wa Buganda.

Akiwa huko alikuta kundi la Wambuti waliotekwa na Mjerumani aliyetaka kuwapeleka kwenye maonyesho ya Paris. Aliwaokoa na kuwarudisha kwao Kongo. Wambuti hao walimweleza juu ya mnyama wa msituni mwenye mistari miguuni.

Katika kituo cha Wabelgiji cha Mbeni, karibu na mto Semliki, alipata vipande vya ngozi yake. Wenyeji wakamwonyesha pia nyayo zenye kwato mbili. Lakini Johnston aliamini anamtafuta mnyama wa jamii ya farasi, mwenye kwato moja. Akaona wamekosea.

Vipande hivyo vilipofika London, mwaka 1901 mtaalamu Philip Sclater alimweka mnyama huyo katika jamii ya punda milia. Mwaka huohuo ikafika ngozi nzima na mafuvu mawili, vilivyopatikana kwa msaada wa ofisa Msweden, Karl Eriksson. Wenyeji walikuwa sahihi: kwato ni mbili, na okapi ni ndugu wa twiga. Ray Lankester akampa jina Okapia johnstoni.

Mwili wa okapi umeumbwa kwa msitu mnene. Manyoya yake yana mafuta yanayozuia maji ya mvua. Ulimi wake, wenye urefu wa zaidi ya sentimita 30, huchuma majani na kufika hadi machoni na masikioni. Mama huwasiliana na mtoto kwa sauti nzito mno ambayo sikio la binadamu haliisikii. Mtoto naye hukaa wiki kadhaa baada ya kuzaliwa bila kutoa kinyesi, jambo linalodhaniwa kumficha dhidi ya pua ya chui.

Johnston alifariki mwaka 1927. Okapi bado anaishi porini katika nchi moja tu duniani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Maiko inayoingia mkoani Maniema. Tangu 2013 ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Mwaka mmoja kabla, waasi walishambulia kituo cha Epulu, Ituri, wakaua watu pamoja na okapi waliofugwa hapo.

Maumbile yaliyomficha kwa wageni hadi karne ya 20 hayamkingi dhidi ya mitego, bunduki wala shoka linaloangusha msitu wake.